Li Shizhen: Tabibu wa China aliyewachunguza wadudu kabla ya kuwaita dawa

Ukiwa Babati mjini huhitaji safari ndefu kuiona dawa inayotokana na mdudu. Asali ipo sokoni, ipo kando ya barabara za kwenda Arusha, Singida na Kondoa, na ipo katika nyumba nyingi, ndani ya chupa iliyofichwa kabatini. Mtoto akikohoa, inatolewa. Mtu akiungua, inatolewa. Mgeni akija, inatolewa pia.

Lakini asali si dawa pekee ya aina hiyo. Katika tiba asili ya Kichina, ambayo bidhaa zake zinauzwa leo hata katika miji yetu, kuna dawa nyingi zinazotokana na wadudu: ganda la nyenje, kiwavi wa hariri aliyekauka, mayai ya vunjajungu na hata mbawakawa mwenye sumu. Baadhi ya dawa hizi hutajwa kuwa tiba ya degedege, na hapo ndipo wewe mzazi unapohusika moja kwa moja.

Wiki hii nakuletea maisha ya mtu aliyeziandika dawa hizo kwa kina kuliko waliomtangulia. Anaitwa Li Shizhen. Amefariki miaka zaidi ya 400 iliyopita, lakini utaratibu wake wa kuuliza na kuchunguza unaweza kumsaidia mzazi wa Babati leo usiku.

Mtoto wa tabibu aliyekatazwa utabibu

Li Shizhen alizaliwa mwaka 1518 huko Qizhou, kando ya Mto Yangtze, katika jimbo la Hubei. Ni jimbo lile lile lenye mji wa Wuhan uliosikika sana wakati wa UVIKO-19. Babu yake alikuwa mganga wa kutembea kijiji hadi kijiji. Baba yake, Li Yanwen, alikuwa tabibu mwenye elimu na aliyeheshimika kwao.

Pamoja na hayo, baba hakutaka mwanawe awe tabibu. Zama hizo utabibu haukuwa kazi ya heshima kubwa. Heshima ilikuwa kwa maofisa wa serikali, na njia ya kuwa ofisa ilikuwa mitihani migumu. Kijana Li alifaulu mtihani wa ngazi ya chini akiwa na miaka 14 hivi. Mtihani wa jimbo aliufanya mara tatu, akashindwa mara zote tatu. Ndipo akamwomba baba yake amfundishe utabibu, na baba akakubali.

Katikati ya miaka hiyo Li mwenyewe aliugua karibu ya kufa. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Kikohozi kilimshika kwa muda mrefu, mwili ukawaka moto, akatema makohozi mengi kila siku, chakula na usingizi vikamtoka. Alikunywa dawa za kila aina kwa zaidi ya mwezi, hali ikazidi kuwa mbaya. Majirani walishakata tamaa.

Baba yake hakuongeza dawa nyingine juu ya zile. Alikaa akafikiri, akakumbuka maandishi ya tabibu mmoja wa zamani, akachemsha mzizi wa mmea mmoja tu, akampa. Kwa maelezo ya Li mwenyewe, kesho yake homa ilikuwa imeshuka, na kikohozi kikaanza kumwacha. Somo alilolichukua hapo ni kwamba wingi wa dawa haumponyi mgonjwa. Kinachomponya ni dawa inayolingana na ugonjwa wake.

Miaka 27 ya kuuliza na kuchunguza

Sifa zake zilipoenea aliitwa na mwanamfalme wa Chu kusimamia mambo ya tiba katika nyumba yake. Inasimuliwa kwamba mtoto wa mwanamfalme huyo alianguka ghafla na kupoteza fahamu, na Li akamzindua. Baadaye alipelekwa Beijing kwenye taasisi ya utabibu ya kifalme. Hakukaa muda mrefu. Alirudi kwao, akaendelea kutibu watu, wengine wakitoka mbali na wengine bila kutozwa malipo.

Kilichomsumbua Li ni vitabu vya dawa vya wakati wake. Mimea miwili tofauti ilipewa jina moja, na mmea mmoja ukapewa majina mawili. Vitu vyenye sumu viliandikwa kana kwamba havina madhara. Zebaki, kwa mfano, ilisifiwa kuwa inarefusha maisha, wakati waliokuwa wakiinywa walikuwa wanakufa. Li aliipinga imani hiyo waziwazi.

Mwaka 1552, akiwa na miaka 34 hivi, alianza kuandika kitabu kipya cha dawa. Alisoma vitabu zaidi ya 800, lakini hakuishia kwenye vitabu. Aliwaendea wakulima, wavuvi, wawindaji na wakata kuni, akawauliza wanachokijua. Kisha akaenda kuangalia kwa macho yake.

Mfano mmoja ni kakakuona. Vitabu vilisema mnyama huyu anakula sisimizi kwa hila za ajabu. Li alimpasua kakakuona tumbo, akakuta kweli limejaa sisimizi. Mfano mwingine ni nyigu anayejenga kijumba cha udongo. Watu wa kale waliamini kwamba nyigu huyo hana watoto wake mwenyewe, bali anachukua viwavi na kuwageuza kuwa nyigu. Tabibu mmoja aliyeishi miaka 1,000 kabla ya Li alishaandika kwamba si kweli: nyigu anataga mayai yake, na viwavi ni chakula cha watoto wake. Li alilichunguza jambo hilo, akakubaliana na tabibu huyo.

Kitabu kilikamilika mwaka 1578, baada ya miaka 27 ya kazi na kuandikwa upya mara tatu. Kinaitwa Bencao Gangmu. Kina sehemu 52, dawa 1,892 na maelekezo ya matibabu zaidi ya 11,000. Dawa 374 kati ya hizo zilikuwa hazijawahi kuandikwa katika vitabu vya namna hiyo. Wanawe na wajukuu wake walimsaidia kuandika na kuchora picha.

Hata hivyo, hakuna aliyekimbilia kukichapa. Li alizunguka miaka mingi akitafuta mchapaji, hadi mmoja wa Nanjing alipokubali. Mwaka 1593 Li alifariki. Uchapaji ulikamilika mwaka 1596, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mwanawe akapeleka nakala kwa mfalme, na mfalme hakuifanyia jambo lolote la maana. Ni matabibu wa kawaida waliokikuza kitabu hicho, kikachapwa tena na tena na kufika Japani na Ulaya. Mwaka 2011 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Wadudu ndani ya kitabu

Sehemu nne kati ya zile 52 zinahusu wadudu na viumbe wadogo, zaidi ya aina 100. Nitakuchagulia wachache ambao habari zao zina faida kwako.

Wa kwanza ni nyuki. Li aliisifu sana asali, akasema inafaa kwa maradhi mengi ya mwili. Lakini aliweka onyo moja ambalo wazazi wengi wa leo hawalijui: ikizidi inaleta madhara, na watoto wadogo hasa wakingwe nayo. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya zama zake. Sababu ya kisayansi ilijulikana mwaka 1976, nitaieleza hapo chini.

Wa pili ni nyenje, yule mdudu anayepiga kelele mitini wakati wa joto. Anapokua hujivua ganda lake na kuliacha limeng'ang'ania kwenye gome. Wachina huokota ganda hilo, wakalikausha na kulichemsha. Li aliliandika kuwa dawa ya homa za watoto, ya degedege, na ya mtoto anayelia usiku. Kwa nini kilio cha usiku? Kwa sababu nyenje hulia mchana na kunyamaza usiku.

Wa tatu ni kiwavi wa hariri aliyekufa kwa ugonjwa na kukauka akiwa mweupe kama aliyepakwa unga. Naye aliandikwa kuwa dawa ya degedege. Mwaka 1835 Agostino Bassi wa Italia alionyesha kwamba ugonjwa unaomuua kiwavi huyo unasababishwa na kuvu. Nge na tandu pia wamo, nao kwa kazi hiyo hiyo ya kutuliza kukakamaa kwa mwili.

Wa nne ni mbawakawa wa malengelenge. Huyu Li alimwandika wazi kuwa ana sumu. Sumu yake, kantharidini, ikigusa ngozi inatoa malengelenge. Ikimezwa, hata kwa kiasi kidogo sana, inaunguza utumbo na kuharibu figo, na inaua. Leo madaktari wa ngozi katika baadhi ya nchi huitumia kwa tone dogo juu ya vioteo vya ngozi, wakiwa wameipima. Hiyo si ruhusa ya kumeza unga wa mbawakawa kutoka kwa mchuuzi.

Kitabu kinamtaja pia ndugu wa mdudu tunayemfahamu huku kwetu: mwembamba, mwenye pingili nyekundu na nyeusi, anayejulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la mji wa Nairobi. Mtu akimponda shingoni, kesho anaamka na mstari wa kidonda kama alichomwa moto. Wachina walishaandika habari zake tangu mwaka 739, kwamba ana sumu kali na anavimbisha ngozi. Wewe akikutua mwilini, usimponde. Mpulize aondoke, kisha osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni.

Dawa ya degedege ilikuwa sehemu nyingine ya kitabu

Sasa, mzazi, nisikilize vizuri hapa.

Mtoto anapopata degedege, mwili unakakamaa au kurukaruka, macho yanageuka juu, fahamu zinapotea. Li aliishi wakati ambao hakuna aliyejua vimelea vya malaria wala bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Yeye na wenzake waliona mtoto anatetemeka, wakatafuta kiumbe kinachofanana na hali hiyo kwa namna fulani. Kwetu pia ipo fikra ya namna hiyo. Jina lenyewe la degedege linafanana na ndege, na wapo wazee wanaolihusisha na ndege au nondo wa usiku aliyepita juu ya nyumba. Matokeo yake mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa moshi au kupakwa dawa, saa zikapita.

Lakini kitabu cha Li kina jambo lingine. Katika sehemu ya mimea, mbali kabisa na wadudu, alinukuu maelekezo ya Ge Hong, tabibu aliyeishi miaka zaidi ya 1,000 kabla yake: chukua mmea uitwao qinghao, uponde na maji, ukamue, mgonjwa wa homa za vipindi anywe. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti wa China walikusanya maelekezo ya kale zaidi ya 2,000 wakitafuta dawa ya malaria. Mmoja wao, mama Tu Youyou, alirudi kwenye maneno ya Ge Hong, akagundua kwamba mmea ule hautakiwi kuchemshwa. Akatoa dawa kwa joto la chini, na ikafanya kazi. Ndiyo artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati imetoka huko. Sindano ya artesunate anayochomwa mtoto mwenye malaria kali, pamoja na yule aliyefikishwa hospitali akiwa na degedege, imetoka huko pia.

Unaona basi jinsi ilivyo. Ndani ya kitabu kimoja kulikuwa na ganda la nyenje na kulikuwa na qinghao. Vyote vilikuwa vya kale na vya asili, na vyote vilisifiwa na tabibu mkubwa. Qinghao ilipimwa kwa vipimo vya kisasa, kwa wanyama na kisha kwa watu, ikathibitika kuokoa maisha. Ganda la nyenje na kiwavi mkavu bado havina ushahidi wa kutosha kwamba vinamponya mtoto mwenye degedege. Umri wa dawa haukuambii ipi ni ipi. Kupima ndiko kunakokuambia, na wewe huwezi kupima nyumbani saa nane usiku, mtoto akiwa mikononi.

Ufanye nini mtoto akipata degedege

Mlaze chini kwa ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza. Legeza nguo. Usimshike kwa nguvu kumzuia asitikisike. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji, asali, mafuta wala dawa yoyote ya kunywa akiwa hana fahamu, kwa sababu vitaingia kwenye mapafu. Angalia saa, ujue degedege limechukua muda gani.

Kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, hata kama limekwisha na mtoto amefumbua macho. Ukiwa Babati mjini, Hospitali ya Mrara iko mjini hapa hapa. Ukiwa kijijini, anzia zahanati, usisubiri kupambazuke. Watampima malaria kwa tone la damu na kuangalia sukari. Watachunguza pia kama kuna dalili za homa ya uti wa mgongo. Ni kweli kwamba kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 degedege nyingi za homa hupita bila kuacha madhara. Lakini kwa kumtazama tu huwezi kutofautisha ile inayopita na ile inayoua.

Na asali je?

Asali imepimwa, na inafaa kwa mambo machache. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja akiwa na kikohozi cha mafua, nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala kinaweza kukituliza. Kikohozi kikiambatana na kupumua haraka, mbavu kuingia ndani au mtoto kushindwa kunyonya, hiyo huenda ni nimonia. Achana na asali, nenda hospitali.

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kidogo. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ile ya kupumua. Madaktari waliutambua ugonjwa huo kwa watoto wachanga mwaka 1976. Kuchemsha asali nyumbani hakuziui mbegu hizo. Onyo la Li kuhusu watoto lilikuwa sahihi, ingawa hakujua sababu.

Kwa majeraha ya moto, utafiti umeonyesha kwamba asali inaweza kusaidia baadhi ya majeraha kupona. Asali inayotumika hospitalini imesafishwa kwa kazi hiyo. Ile ya chupani huenda ina uchafu, au imechanganywa na sukari. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Na wewe mwenye kisukari, asali ni sukari. Usidanganywe kwamba haipandishi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumeza

Sisemi kwamba tiba asili haina maana. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na lipo baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mtu akikuuzia dawa ya wadudu, ya Kichina au ya kwetu, muulize anachouliza Li katika kila ukurasa wa kitabu chake. Ni mdudu gani hasa? Ameandaliwaje? Ana sumu? Kipimo ni kipi kwa mtoto na kwa mtu mzima? Halafu ongeza maswali mawili ya zama zetu: dawa imesajiliwa, na wewe muuzaji umesajiliwa? Akikosa majibu, rudisha pesa yako mfukoni.

Na ukiwa tayari unatumia dawa yoyote ya asili, mwambie daktari. Usione haya. Akijua, ataangalia kama inagongana na dawa atakazokupa, na ataangalia figo na ini lako. Mjamzito asitumie dawa za wadudu bila ushauri wa daktari.

Li Shizhen alitumia miaka 27 kuchambua ya kweli na ya uongo, na bado baadhi ya makosa yalimpita, kwa sababu vifaa vya kupimia havikuwepo. Leo kipimo cha malaria kinatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi katika zahanati. Mpeleke mtoto akapimwe.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akijalia.